Kutoka Dukani hadi Kando ya Barabara: Historia ya Vyakula vya Mitaani vyenye Asili ya Kihindi katika Mji wa Singida

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya vyakula vyenye asili ya Kihindi vinavyouzwa mitaani katika mji wa Singida, hususani chapati, sambusa, bajia, kachori na chai ya maziwa. Masimulizi yaliyozoeleka, ambayo ndiyo huwaongoza wageni katika matembezi ya chakula kwenye miji ya pwani, huvieleza vyakula hivi kama urithi wa jamii ya Wahindi uliohifadhiwa katika mitaa yao. Insha inadai kwamba masimulizi hayo hayatoshi kuieleza Singida. Katika mji huu wa bara, vyakula hivi vilienea kwa wingi baada ya idadi ya Wahindi kupungua. Aidha, kuenea kwake kulitokana na mambo matatu: reli na duka la rejareja la wakati wa ukoloni, sera ya ngano ya taifa baada ya Azimio la Arusha, na kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1986. Ushahidi umetolewa katika lugha, sheria, historia ya mazao na mpangilio wa mji wenyewe. Insha inahitimisha kwamba swali la chapati ni ya nani haliwezi kutenganishwa na swali la ardhi ilikolimwa ngano yake na mikono iliyoisukuma.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayeshuka Singida alfajiri hupokewa na harufu mbili. Ya kwanza ni ya supu ya kuku wa kienyeji, ambaye ameupa mkoa huu jina nchi nzima. Ya pili ni ya chapati inayogeuzwa juu ya chuma cha moto kwa mafuta ya alizeti. Vyakula hivi viwili huliwa pamoja, na kwa wakazi wengi wa mji hakuna jambo la ajabu katika muungano huo. Kuku ni wa hapa, alizeti ni ya hapa, na chapati nayo huhesabiwa kuwa ya hapa.

Hata hivyo, mkoa wa Singida si nchi ya ngano. Ni nchi kame ya katikati ya Tanzania, ambako Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wagogo wamelima uwele na mtama kwa vizazi vingi, wakafuga ng'ombe, na kula ugali kwa mlenda, maziwa au nyama. Harold Schneider, katika utafiti wake juu ya Wanyaturu wa Wahi uliochapishwa mwaka 1970, alionesha kwamba uchumi wao ulijengwa juu ya mzunguko wa nafaka na mifugo: mwenye ziada ya nafaka aliigeuza kuwa ng'ombe, na ng'ombe akawa akiba ya kukabili mwaka wa njaa. Katika mzunguko huo hapakuwa na nafasi ya ngano, wala ya chakula cha kununuliwa kilichokwisha kupikwa. Hivyo chapati ya asubuhi inahitaji maelezo ya kihistoria. Ilifikaje? Nani aliileta, nani aliifanya iwe rahisi kupatikana, na nani aliigharimia?

Maswali haya yana uzito kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya Wahindi wa Tanzania imeandikwa zaidi kwa kuangalia Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam, na zaidi kwa kuangalia biashara na siasa. Miji midogo ya reli ya kati imeguswa kwa juu juu. Pili, mazungumzo ya siku hizi kuhusu utalii wa utamaduni yanahitaji kujua ni urithi wa nani unaooneshwa. Historia ikikosewa, wapo watakaotajwa wasiostahili, na wapo wanaostahili watakaosahauliwa.

2.0 Matembezi kama Mkabala

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, matembezi ya kuongozwa kwa ajili ya kuonja vyakula ni jambo la kawaida. Mgeni hupitishwa Darajani, hula urojo wenye bajia, kachori na viazi ndani yake, na jioni hufikishwa Forodhani. Dar es Salaam nayo ina mitaa ya Kisutu na jirani zake, ambako maduka ya vitafunwa vya Kigujarati yako karibu na mahekalu na misikiti ya jamii mbalimbali za Kihindi. Katika miji hiyo mpangilio wa mtaa husaidia masimulizi: nyumba, jina la mwenye duka, nyumba ya ibada na chakula vinakutana mahali pamoja. Mwongozaji husema "hiki ni chakula cha Wahindi," na ukuta ulio nyuma yake unamuunga mkono.

Singida haina msaada huo. Mtu akitembea kutoka stendi kwenda sokoni, ataviona vyakula vilevile, lakini wauzaji karibu wote ni Waafrika, na wengi wao ni wanawake. Majengo ya zamani ya maduka, yenye baraza mbele na makazi nyuma au ghorofani, bado yanaonekana katikati ya mji. Mbele ya baraza hizo pengine ameketi mama mwenye beseni la sambusa ambaye hana uhusiano wowote na waliolijenga jengo. Chakula kimetoka ndani ya nyumba kikahamia barabarani, na katika safari hiyo fupi ya hatua chache kimebadili wenyewe.

Insha hii inayachukua matembezi hayo kama mkabala. Kila kituo katika mji, yaani reli, duka, soko na barabara, kinasomwa kama tabaka la wakati. Mkabala huu unafaa kwa sababu chakula cha mitaani huacha kumbukumbu chache za maandishi. Mama lishe haandiki hesabu zake katika jalada linalohifadhiwa. Kinachobaki ni majina ya vyakula, sheria zilizotungwa dhidi ya wauzaji au kwa ajili yao, na mahali penyewe.

3.0 Ushahidi wa Majina na Mapishi

Mahusiano ya chakula baina ya Bara Hindi na Afrika Mashariki ni ya kale kuliko duka la Mhindi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na ndimu na pilipili zilizotiwa chumvi na siki, tangawizi mbichi na maembe. Hicho ndicho ambacho leo Mswahili angekiita achari, neno lililoenea kote kuizunguka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo si sahihi kuanzia historia hii katika karne ya 19.

Vilevile si sahihi kukichukulia kila chakula chenye viungo kuwa kimetoka India moja kwa moja. Neno sambusa ni mfano mzuri. Asili yake ya mbali ni Kiajemi, na vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 13 tayari vinakitaja chakula hiki kwa jina la namna hiyo. Kaskazini mwa India neno liligeuka kuwa samosa, bila sauti ya /b/. Kiswahili kimeihifadhi sauti hiyo, kama ilivyo katika lugha za Yemen, Somalia na Ethiopia. Umbo la neno linaonesha kwamba sambusa ilipitia mlango wa Waarabu na Waajemi, ingawa baadaye mkono wa Kihindi uliongeza viungo na namna ya kukunja. Sambusa ina wazazi wengi, na kumtaja mmoja tu ni kuwadhulumu wengine.

Chapati, bajia, kachori na kachumbari, kwa upande mwingine, ni maneno yaliyotoka katika lugha za kaskazini na magharibi mwa India. Lakini hapa pia jina na kitu havikusafiri kwa mwendo mmoja. Mgujarati huita mkate wake wa kila siku rotli: ni mwembamba, mkavu, usio na matabaka. Chapati ya Singida husuguliwa mafuta, huviringishwa kama konokono, husukumwa tena na kukaangwa hadi iwe na matabaka. Kwa mapishi, inakaribiana zaidi na paratha. Kachori imehama mbali zaidi. Rajasthan na Gujarat kachori ni andazi la unga lililojazwa dengu au choroko. Tanzania ni kiazi kilichopondwa, kikatiwa ndimu, pilipili na viungo, kikaviringwa na kuchovywa katika uji mzito wa unga kabla ya kukaangwa. Kule India kitu hiki kina jina jingine kabisa. Waliojifunza hapa walichukua jina moja na mapishi mengine, jambo linalotokea pale ujuzi unapopita kwa kuona na kushika, bila kitabu.

Ikumbukwe pia kwamba kiazi na pilipili za kisasa zilitoka bara la Amerika na kuenea katika Bahari ya Hindi baada ya kuja kwa Wareno. Kachori ya viazi, hata iwe na jina la kale kiasi gani, haiwezi kuwa ya kale. Usemi kwamba vyakula hivi ni "vya asili" ya mtu yeyote hauna budi kutumiwa kwa uangalifu.

Hatimaye, tofauti za ndani ya jamii ya Wahindi zinaonekana katika beseni la muuzaji. Sambusa ya nyama ni ya mapishi ya Waislamu, kama vile Khoja na Bohora. Bajia za dengu na vitafunwa vya viazi vinakubaliana na miiko ya Wahindu wasiokula nyama. Muuzaji wa Singida huviweka pamoja, na mteja hachagui kwa dini ya aliyevianzisha. Mipaka iliyokuwa muhimu jikoni mwa wenyewe imefutika barabarani.

4.0 Reli, Duka na Mipaka ya Rangi, 1912 hadi 1961

Historia ya Wahindi wa Kenya mara nyingi huanza na reli ya Uganda, ambayo kati ya mwaka 1896 na 1901 ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Mfano huo haufai kuhamishiwa Singida bila marekebisho. Reli ya kati ya Tanganyika, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilijengwa zaidi kwa nguvu za Waafrika. Wahindi waliifuata reli hiyo wakiwa wafanyabiashara, na katika kipindi cha Waingereza pia wakiwa makarani na mafundi. Kabla yao, mitaji ya wenzao wa pwani ilikuwa imekwisha kuingia bara pamoja na misafara. Sewa Haji wa Bagamoyo na Allidina Visram ni majina yanayofahamika katika kipindi hicho. Hata hivyo, njia kuu ya misafara ilielekea Tabora na Ujiji, na Singida ilibaki kaskazini mwake.

Reli ilibadili hali hiyo kwa kuzifanya Manyoni na Itigi kuwa milango ya nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba. Kaskazini yake, dhahabu ya Sekenke ilikuwa imeanza kuchimbwa tangu enzi za Wajerumani, na katika miaka ya 1930 njia ya tawi ilijengwa kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Tawi hilo halikudumu, liling'olewa kabla ya ukoloni kwisha, na mji ukasubiri hadi baada ya uhuru kupata reli nyingine. Lakini duka lilikwisha kuota mizizi. Mwenye duka alinunua ngozi, samli na karanga, akauza vitambaa, chumvi, sukari, chai na mafuta ya taa. Katika miaka ya njaa, kama ile ya Mtunya iliyowaua Wagogo wengi kati ya mwaka 1917 na 1920, nafaka iliyofika kwa njia ya biashara ilinunuliwa kwa ng'ombe. Mzunguko wa nafaka na mifugo alioueleza Schneider ukapata mshiriki mpya, ambaye hakula akiba yake kwa utaratibu wa ukoo.

Duka lilikuwa pia jiko. Familia ziliishi nyuma ya duka, na kazi ya jikoni ilifanywa na wake wa nyumba pamoja na watumishi wa Kiafrika. Hapa ndipo ujuzi ulipoanza kuhama. Hapakuwa na shule ya mapishi: kijana aliyeajiriwa kuosha vyombo alikanda unga, na aliyekanda unga kwa miaka miwili alijua kusukuma. Lakini kujua kupika hakukumaanisha kumudu kula. Unga wa ngano uliuzwa ghali, na wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa vyakula mijini ulifuata mipaka ya rangi. James Brennan, katika kitabu chake kuhusu taifa na rangi mijini kilichotoka mwaka 2012, ameonesha jinsi haki za wakazi wa mjini zilivyopangwa kwa kufuata rangi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mla mahindi, Mhindi mla wali na ngano. Serikali haikueleza tu nani anakula nini, bali ilisaidia kuamua hivyo.

Tukio la mwaka 1923 linafaa kukumbukwa hapa. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria za kodi ya faida, leseni za biashara na uchuuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wengi waliandika hesabu zao kwa Kigujarati, walipinga kwa kufunga maduka kwa wiki kadhaa. Mgogoro huo huelezwa kama sura ya siasa za Wahindi. Kwa insha hii una maana ya ziada: mchuuzi, yaani mtu anayeuza bila mlango wa duka, alikwisha kuwa suala la sheria mapema hivyo. Aliyeketi barabarani alihitaji ruhusa. Hali hiyo ingewafuata wauza sambusa kwa muda wa karne nzima.

5.0 Ngano ya Taifa na Ardhi ya Wabarabaig, 1967 hadi 1986

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na Singida ikawa mkoa mwaka 1963, chapati bado ilikuwa chakula cha sikukuu kwa familia nyingi za Kiafrika. Miongo miwili iliyofuata ilibadili mambo mawili kwa wakati mmoja: Wahindi walipungua, na ngano ikaongezeka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizitaifisha benki na kampuni kubwa. Mwezi Aprili 1971 sheria ya kutwaa majengo iligusa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na wamiliki wengi walikuwa Wahindi. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Tanzania haikufanya hivyo, lakini hofu haikuhitaji pasipoti kuvuka mpaka. Familia nyingi zilihama kwenda Dar es Salaam, Uingereza na Kanada. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ililenga kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ushirika mahali pake. Katika miji kama Singida baadhi walibaki. Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975 katika familia ya wafanyabiashara na baadaye kuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, anatoka katika kundi hilo dogo. Kampuni ya familia yake iligeuka kutoka biashara hadi viwanda, vikiwemo vya unga na mafuta ya kula. Hata hivyo, kwa walio wengi historia ilikuwa ya kufunga mlango.

Wakati huohuo dola liliamua kwamba taifa lizalishe ngano yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, jirani na mpaka wa Singida. Chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, yalifikia mashamba saba yenye jumla ya takriban ekari 100,000. Usagaji na usambazaji ulikuwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoundwa mwaka 1968. Bei ilipangwa na serikali. Chapati ya mijini ikapata unga uliokuwa, pale ulipopatikana, wa bei nafuu.

Nyanda hizo hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, wafugaji wa kundi la Wadatoga, ambao walizitumia kwa zamu kulingana na majira na waliokuwa na makaburi ya wazee wao humo. Walipoondolewa, wengi walisukumwa na mifugo yao kwenda maeneo mengine, ikiwemo Singida. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO na kushinda katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba walalamikaji wengi hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Hapa ndipo historia ya chapati inapokuwa nzito. Katika miongo hiyohiyo, Mhindi aliyezaliwa Singida aliambiwa mitaani kwamba si mwenyeji, na Mbarabaig aliyezikwa babu yake Basotu akaambiwa mahakamani kwamba hajathibitisha kuwa ni mwenyeji. Wa kwanza aliacha mapishi, wa pili aliacha ardhi. Vitu hivyo viwili vilikutana juu ya chuma cha moto. Haidaiwi hapa kwamba maumivu hayo yanalingana. Aliyekuwa na mtaji wa kuhamia London hakuwa katika hali ya mfugaji aliyepoteza malisho. Kinachodaiwa ni kwamba chakula tunachokiona kuwa chepesi kimebeba maamuzi mazito kuhusu nani ana haki ya kuwa mahali alipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 unafuu huo uliporomoka. Ukame, vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 na upungufu wa fedha za kigeni viliadimisha unga, sukari na mafuta. Bidhaa ziligawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa kwa vibali, na maneno kama magendo na ulanguzi yakawa ya kila siku. Mwaka 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo Sheria ya Nguvu Kazi ikawalenga watu wasio na kazi inayotambulika, wakiwemo wachuuzi wa mijini. Aliyekaanga bajia alikuwa na makosa mawili: unga wake ulitia shaka, na kazi yake haikuitwa kazi.

6.0 Soko Huria, Alizeti na Wanawake wa Barabarani

Mabadiliko ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yaliondoa makosa yote mawili kwa kiasi. Unga ulirudi madukani, sasa zaidi kutoka ngano ya nje, wakati mashamba ya Hanang yakidhoofika na baadaye kubinafsishwa. Mishahara ya watumishi ilikuwa imepungua thamani, na kaya nyingi zilihitaji kipato cha pili. Wanawake ndio waliokibeba. Kuuza chapati kulihitaji mtaji mdogo: unga wa kilo chache, chuma, mkaa, kibao cha kusukumia na ujuzi ambao sasa ulikuwa umekwisha kupita kutoka jiko la tajiri hadi jiko la jirani.

Mchango mahususi wa Singida katika hatua hii ni mafuta. Kilimo cha alizeti kilipanuka mkoani, na mashine ndogo za kukamulia zikaenea mjini na vijijini. Mkoa ambao hapo awali uliuza samli kwa mwenye duka sasa ulikuwa na mafuta yake ya kukaangia. Kitunguu, zao jingine linaloutambulisha mkoa, kiliingia katika sambusa na kachumbari. Bajia za kunde zilisimama kando ya zile za dengu, kwa kuwa kunde zinalimwa karibu. Chapati nayo ilipata mwenzi mpya katika supu ya kuku wa kienyeji, muungano ambao haukutoka Gujarat wala pwani. Kwa hatua hizi vyakula vilikoma kuwa vya kuazima. Kiungo baada ya kiungo, mkoa ulivitafsiri kwa mazao yake.

Dola haikuacha kumtazama muuzaji. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwaka 2021 wamachinga walihamishwa kutoka kandokando ya barabara katika miji mingi kwenda maeneo yaliyotengwa. Ukilinganisha na mwaka 1923, sura imebadilika: mchuuzi sasa anatambuliwa kuwa mfanyakazi. Hata hivyo, swali la msingi ni lilelile, yaani ni nani mwenye ruhusa ya kuketi wapi. Chapati huuzwa pale watu wanapopita. Ikiondolewa njiani, inapoteza soko lake hata kama imepewa kibanda.

7.0 Mjadala

Inaweza kupingwa kwamba insha hii inamwondoa Mhindi katika historia ya chakula chake. Hilo silo kusudio. Bila jiko la nyuma ya duka, pasingekuwa na ujuzi wa kuhamisha. Kinachokataliwa ni wazo kwamba urithi ni mali inayobaki kwa mwanzilishi, na wengine wote ni wateja au waigaji. Mpishi wa Kiafrika aliyejifunza kwa kuosha vyombo na mama aliyebadili dengu kwa kunde ni waundaji wa chakula hiki kwa maana kamili.

Inaweza kupingwa pia kutoka upande wa pili, kwamba chapati imekwisha kuwa ya Kitanzania na hakuna haja ya kufukua asili yake. Usemi huu una ukarimu ndani yake, lakini unasahaulisha. Kusema "ni yetu sote" bila kueleza ilivyokuwa yetu ni kufuta mgao wa rangi, majengo yaliyotwaliwa, na malisho ya Basotu kwa neno moja. Umoja unaojengwa juu ya kusahau hulazimika kusahau tena na tena.

Kwa msingi huo, kama siku moja yatakuwapo matembezi ya kuongozwa ya chakula mjini Singida, hayafai kuiga yale ya Mji Mkongwe. Yaanzie kwenye reli, yapite kwenye baraza za maduka ya zamani, yasimame kwenye mashine ya alizeti, kisha yaishie kwa mama wa chapati. Naye alipwe kwa maelezo yake kama anavyolipwa kwa chapati yake, maana yeye ndiye mwongozaji mwenye ujuzi. Na kabla ya kula, wageni waelekezwe kaskazini mashariki, upande wa mlima Hanang, waambiwe unga wa taifa ulilimwa wapi.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba vyakula vya mitaani vyenye asili ya Kihindi mjini Singida havikuenea kwa sababu Wahindi walikuwa wengi, bali vilienea zaidi walipokuwa wachache. Duka liliingiza bidhaa na kufundisha mikono. Sera ya ngano iliuleta unga karibu, kwa gharama ya Wabarabaig. Soko huria, alizeti na juhudi za wanawake vilikamilisha kazi. Ushahidi wa majina umeonesha zaidi kwamba hata asili yenyewe si moja: sambusa ina njia yake, kachori ina yake, na chapati imebadili umbo ikabaki na jina.

Kwa watafiti wajao, miji mingine ya reli ya kati, kama Manyoni, Itigi na Tabora, inangojea kusomwa kwa mkabala huu. Kila mmoja una baraza zake na beseni zake. Kazi hiyo inafaa kufanywa mapema, kwa kuwa waliojifunza kusukuma chapati nyuma ya duka sasa ni wazee, na ujuzi wao kuhusu siku zile hauko katika jalada lolote.